Mawe ya Upinde wa Janvier

Vuuum. Halafu kimya. Halafu vuuum tena, chini kidogo, kama nyuki mkubwa aliyefungiwa ndani ya kopo. Nilikuwa bado chini ya blanketi, macho yamefumbwa, asubuhi yangu ya kwanza katika nyumba ya Papa Janvier kule Majengo mjini Goma, na nilidhani ni mashine ya kusaga ya jirani inayokataa kuwaka. Ukuta wa mbao kati ya chumba changu na ua ulitetemeka kila sauti ilipokuja. Niliihisi mgongoni kabla ya kuielewa masikioni. Nilipotoka nikakuta ukungu, moshi wa makaa, na Papa Janvier mwenyewe, mwanamume mfupi, ameketi juu ya jiwe la volkano, sikio lake karibu na uzi wa upinde kama mganga anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Hakunisalimu. Aliupiga uzi kwa kidole, akangoja mpaka sauti ikaisha yote, kisha akauambia upinde, si mimi: “Uko bado mukali. Ule muzee aliyekuagiza utamuvunja bega.”

Juma hili, miaka mingi baadaye, tumemzika mke wake. Watu walijaa kwenye ule ua, viti vya plastiki vya kukodi vikiyumba juu ya mawe meusi, na kila aliyesimama kusema neno alimwita Mama Janvier. Mama Janvier alikuwa mukarimu. Mama Janvier hakumunyima mutu chumvi. Jina la mtoto hubaki kwa mama hata pale mtoto asipobaki, na wale vijana wa korali waliokuwa wakimwimbia hawakuwa wamezaliwa wakati Janvier mwenyewe alipokuwa akipita mlango ule akiinamisha kichwa kwa ajili ya urefu wake. Nilimtazama Papa Janvier, mzee sasa, mikono imelala magotini viganja juu kama vyombo vilivyoachwa nje vinyeshewe. Mtu mmoja alimwinamia, akamuuliza kama waandike na jina la kijana kwenye msalaba, angalau mama na mwana wawe pamoja. Akasema: “Hapana. Ule upinde haujavunjwa.” Yule mtu hakuelewa, akarudi kukaa. Mimi nilielewa, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Sitaeleza jinsi nilivyofika kwao. Inatosha kusema nilikuwa na mwaka mmoja uliobaki wa masomo, na kwamba Mama Janvier alikuwa na chumba kimoja cha mbao chenye kitanda na msumari wa kutundikia uniforme ya shule. Kutoka kitandani niliweza kusikia kila kitu cha nyumba ile: sufuria, kikohozi, maombi, ugomvi, na kisu cha Papa Janvier kikichuna mti. Alikuwa fundi wa pinde. Watu hushangaa ninapowaambia kwamba mjini Goma, chini ya helikopta na magari meupe ya walinda amani, mtu aliweza kuishi kwa kutengeneza pinde. Lakini nenda Keshero jioni, tazama kwenye malango ya zile nyumba za etaji, za ghorofa, zinazoelekea ziwa, utamwona sentineli, mlinzi wa usiku, katika koti lake kubwa, na kando ya kiti chake upinde. Hao ndio waliokuwa wateja wake wengi. Wengine walikuwa wachezaji wa ngoma za harusi, wengine wazee wa vilima vya Masisi waliotaka tu kuwa na kitu cha kwao kimesimama kwenye kona ya nyumba.

Hakuuza upinde uliokwisha kutengenezwa. Hilo liliwaudhi watu. “Papa, nipe tu ile pale,” wangesema wakionyesha uliotundikwa. “Ile iko ya mutu,” angejibu. Ilibidi mtu aje mwenyewe, asubuhi, kabla ya kula. Papa Janvier alisema mtu aliyeshiba anamdanganya fundi. Alimpima kwa kamba kutoka ngumi ya kushoto mpaka sikio la kulia, akatazama bega, akatazama namna anavyosimama juu ya mawe, akamwuliza anavyokaa kazini. Sentineli mmoja mwenye goti bovu alikuwa akilinda akiwa ameketi. Huyo alimtengenezea upinde mfupi, mkono wake wa chini, ile nusu iliyo chini ya kishikio, mfupi kuliko wa juu, ili usigonge kiti. Kisha alimpa pinde za majaribio, moja baada ya nyingine, akamwambia avute mpaka kwenye sikio, ashikilie, na aseme alikula nini jana. Hapo ndipo ukweli ulipotoka. Namkumbuka mlinzi mmoja mnene, mcheshi, aliyetaka upinde mzito kuliko wote.

“Munipe ya nguvu, Papa Janvier. Patron yangu iko na nyumba ya etaji tatu!”

“Nyumba njo ya etaji tatu. Mabega yako iko ya etaji moja. Vuta. Jana ulikula nini?”

“Jana nilikula bu… bug…”

“Achilia, achilia! Upinde unakula sauti yako.”

Tulicheka mpaka Mama Janvier akaweka chini mwiko. Lakini Papa Janvier hakucheka. Alikuwa akitafuta uzito ule ambao mtu anaweza kuushika na bado akabaki na sauti yake, kwa sababu, alisema, siku ya kuuhitaji upinde mtu huwa ana njaa, ana baridi na anaogopa, na hizo zote zinavuta upande wa pili. Alipoupata, alitundika upinde ule wa majaribio kwenye kigingi, akafunga kikapu kwenye uzi, akaweka mawe ndani mpaka uzi ukashuka pale pale ulipofikia mkononi mwa mtu. Kisha akayatoa yale mawe na kuyapanga chini ya ukuta. Hilo lilikuwa rundo la mtu. Ukuta mzima wa ua ulikuwa na marundo hayo, kila moja la mtu mmoja, na pinde zilitengenezwa kwa kuyafuata. Yalikuwa mawe ya mto, ya kijivu, laini, ambayo vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, walimletea kutoka upande wa Sake. Rundo lilikaa mpaka siku fundi alipochagua mti, na katika siku hizo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata Papa Janvier mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini. “Mutu akigusa rundo,” alisema, “amesha kusema kitu. Na kitu kikisha kusemwa, haunaga namna ya kukirudisha.” Likiongezwa, likipunguzwa, fundi alitengeneza alichokikuta. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake juu ya vilima.

Janvier alikuwa mtoto wao wa pekee aliyebaki. Alikuwa na miaka ishirini hivi, mrefu, mwembamba, na mimi nilikuwa katika umri wa kutazama mabega. Alisukuma chukudu. Alibeba viazi, makaa, mbao, wakati mwingine jeneza, na mwaka ule alibeba majeneza mengi, maana vita vilikuwa vimerudi juu ya vilima na barabara ya Sake ilikuwa ikitapika watu kila asubuhi: godoro kichwani, mbuzi, mtoto, sufuria. Alirudi jioni akakaa mbele ya sahani ya sombe, majani ya muhogo, na hakuila. Siku moja alituambia, akitazama taa ya kandili, kwamba alikuwa amempeleka mama mmoja na mzigo wake mpaka kambi ya wakimbizi, na alipofungua blanketi ili kumsaidia kuupanga, mzigo ulikuwa mtoto, na mtoto alikuwa amekwisha kufa tangu Sake, na yule mama alikuwa akijua. “Alinishukuru,” Janvier alisema. “Munasikia? Alinishukuru.” Mama Janvier akasogeza sahani karibu naye. Hakujua kusogeza kitu kingine.

Baada ya hapo alianza kwenda nyuma ya kanisa, kwenye kiwanja ambako mtu mmoja aliyeitwa Komanda alikuwa akikusanya vijana wa kulinda vilima. Bunduki zilikuwa chache na zilikuwa za wakubwa. Wengine walitakiwa waje na upinde wao, upinde uliotengenezwa kwa ajili yao, wauvute mbele ya mstari na waushikilie Komanda akipita kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Aliyeshindwa alirudishwa kwao. Kila mtu mtaani alijua upinde mbele ya bunduki ni nini. Vijana wenyewe walijua. Lakini nimeishi vya kutosha kujua kwamba mtu haendi vitani kwa sababu amepiga hesabu ya kushinda. Anakwenda kwa sababu hawezi tena kukaa mezani.

Jioni moja mvua ilipokuwa ikipiga mabati, niliwasikia wazazi wake upande wa pili wa mbao. Walidhani mvua inawaficha.

“Umutengenezee upinde ya kumushinda,” Mama Janvier alisema. “Avute, ashindwe. Bamucheke. Atarudi ku nyumba na haya yake, lakini atarudi.”

“Natengenezaka upinde ya mutu. Sitengenezake ya kumukataza.”

“Yeye si mutu? Ni mutoto wako!”

“Njo maana.”

“Njo maana nini? Sema, Papa Janvier. Unataka wasifu kazi yako ku maiti yake?”

Nilisikia kiberiti, kisha harufu ya tumbaku yake ikapita kwenye nyufa. Mpaka leo sijui kama “njo maana” ile, yaani ndiyo maana, ilikuwa neno la mtu mkatili au la mtu anayezama. Nilipomtazama kwenye matanga juma hili, nilitaka kumuuliza. Lakini kuna maswali ambayo ukimwuliza mzee, unakuwa umegusa rundo.

Alimpima Janvier asubuhi ya Jumamosi, kama mteja yeyote. Ngumi mpaka sikio. Bega. Miguu juu ya mawe. Mama Janvier alikuwa akichambua maharagi na hakuinua macho. “Vuta. Jana ulikula nini?” Na Janvier, uzi sikioni, akasema kwa sauti iliyonyooka kabisa: “Bugali na samaki ya sambaza. Mama aliniwekea sambaza yake yote, akasema yeye ameshiba.” Papa Janvier akamwangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha kikapu, kisha mawe, kisha rundo chini ya ukuta, karibu na mlango wa jikoni.

Kesho yake tuliporudi kutoka misani, juu ya mawe ya kijivu ya Janvier kulikuwa na mawe mawili meusi, makubwa, yenye matundu, mawe ya volkano kama yale yaliyotandikwa kila mahali katika mji huu. Mama Janvier hakuwa amekwenda misani. Alisema kichwa kinamuuma. Tuliyaona sote. Papa Janvier aliyaona, akasimama na kofia yake mkononi. Janvier aliyaona, masikio yake yakapata rangi. Mama mwenyewe alitoka jikoni, akatutazama mmoja mmoja kama anayengoja kofi. Tulikula viazi na mboga ya lengalenga, tukasifu lengalenga. Nilidhani wakati ule kwamba ukimya wa Janvier ulikuwa wa adabu. Sasa nadhani ulikuwa wa kiburi: mama yake alikuwa amemwekea mzigo, naye alikuwa mtu wa chukudu.

Papa Janvier alichagua mti juma lile. Ulikuwa mti mgumu wa msituni, mwekundu ndani, ambao alikuwa ameuweka juu ya dari ya jiko ukauke kwa moshi miaka kadhaa. Aliuchonga polepole. Mgongo wa upinde hakuugusa. Alichuna upande wa tumbo tu, ule unaomwelekea mvutaji, akaukunja, akautazama, akachuna, mpaka mikono yote miwili ya upinde ikakubali kujikunja sawasawa. Aliniambia, nilipokaa karibu naye na daftari langu la kemia, kwamba upinde unapunguzwa tu. “Nyama ukisha kuitoa haitarudi. Njo kazi mubaya hii. Kila siku unaogopa kisu yako.” Alisokota uzi wa mishipa ya ng’ombe iliyotoka kwenye machinjio, akavisha kishikio ngozi ya mbuzi. Kisha akatundika kikapu, akaweka mawe ya kijivu na yale meusi mawili, na uzi ukashuka mpaka pale ulipotakiwa, si chini yake wala juu. Ulikuwa upinde mzuri kuliko wote niliouona ukitoka mikononi mwake. Alimpa mwanawe kwa mikono miwili.

Janvier alishindwa. Sikuwepo kiwanjani, lakini Majengo yote ilijua kabla ya chakula cha mchana. Uzi ulifika kidevuni, ukakataa kusogea zaidi, mshale ukaangukia miguuni kwake. “Aa, huyu hakuvuta upinde, upinde njo ulimuvuta!” mtu alipiga kelele, na mstari wote ukacheka. Komanda alimpiga begani akamwambia arudi akikomaa. Alipoingia nyumbani Mama Janvier alikuwa tayari anakaanga. Sijawahi kula tena mlo kama ule. Kulikuwa na sambaza za kukaanga, bugali mweupe, ndizi, kipande cha fromaji, jibini ya Masisi, alichokuwa amekificha, na maandazi ya moto. Aliongea peke yake, mashavu yakiwaka, akawasema majirani, akaigiza namna padri anavyokohoa. Janvier alikula taratibu, akamshukuru. Papa Janvier alimega tonge moja akalizungusha sahanini mpaka likapoa.

Kisha asubuhi moja niliamka na sauti nyingine nyuma ya mbao. Haikuwa ya uzi. Ilikuwa ya pumzi. Mtu akivuta hewa, akiishika, akiiachilia kwa mkoromo. Nilichungulia kwenye ufa. Janvier alikuwa uani, kifua wazi katika baridi, upinde mkononi bila mshale, akivuta mpaka kidevuni na kuurudisha polepole, asiachilie. Alifanya hivyo kila asubuhi. Mchana alipandisha chukudu yenye bidoni za maji kutoka ziwani. Uzi ulipita kidevu, ukafika kwenye kona ya mdomo, ukafika shavuni. Bega lake la kulia likawa kubwa kuliko la kushoto, shati likamkaa vibaya, na mama yake aliyemshonea shati lile ndiye aliyeliona kwanza.

Siku hiyo nilikuwa jikoni naye. Aliweka chini kikapu cha makaa, akatoka, akaenda kwenye ukuta. Rundo la Janvier lilikuwa bado pale, kazi imekwisha na hakuna aliyejali kulibomoa. Aliokota jiwe moja jeusi kwa mkono wa kushoto. Aliokota jiwe la mto, dogo kuliko lile, kwa mkono wa kulia. Akasimama akiyapandisha na kuyashusha kama mama anayechagua vitunguu sokoni. Nikauona uso wake ukibadilika. Alizaliwa juu ya vilima, alikotoka kila jiwe ni jiwe; alikuwa ametembea juu ya volkano miaka mingi, ameifagia, ameilaani ilipochana viatu vyake, lakini kazi ya kujengea haikuwa yake, hakuwahi kuyapima mkononi kando ya mawe ya mto. Alikuwa ameyachagua kwa macho. Aliyaona makubwa.

“Ni mwepesi,” alisema. Papa Janvier alikuwa ameketi pale pale kwenye jiwe lake. “Papa Janvier. Hii mawe iko mwepesi.”

“Iko na mashimo ndani,” alijibu. “Moto ulipitia mule.”

“Ulijua.”

“Nilijua.”

“Ungeacha muti munene! Ungeniambia, ningeleta zingine! Mbili za muto, tatu, ningezibeba na mugongo!”

“Rundo haliguswake, mama. Nilifanya ile nilikuta.” Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: “Mukono yangu ilitaka. Kila siku nilisema leo naacha kuchuna. Mukono ikachuna.”

Hakuwa amemtengenezea mwanawe upinde wa kumshinda. Kwa uzito ule mdogo wa mawe yenye matundu alikuwa amemtengenezea upinde wa kumkuza. Mama Janvier akamwambia auvunje. Akamshika magoti, mbele yangu, akamsihi. Lakini upinde wa mtu aliye hai hauvunjwi. Huvunjwa kaburini, na kuuvunja kabla ni kumtangaza amekufa. Na kuuchuna zaidi kungeufanya uwe mwepesi tu, Janvier angeuvuta kesho yake. Fundi hakuwa na kitu chochote kilichobaki cha kufanya na upinde ule. Nimefikiri juu ya jambo hilo miaka yote hii, katika kila chumba nilichokaa kuandika: kwamba kuna mtu mwaminifu ambaye uaminifu wake una meno. Wakati mwingine namtetea, nasema hata angedanganya, Janvier angeondoka, kwa panga, kwa mikono mitupu. Wakati mwingine nasimama upande wa mama, na yale mawe mawili mikononi mwangu.

Kiwanjani, mara ya pili, uzi ulifika sikioni. Komanda alipita mstari wote. Wanasema Janvier alikuwa anatabasamu.

Aliondoka Jumapili, saa za mchana, mvua ya masika ikinyesha, na hatukumwona tena. Alikuwa amefunga koti na blanketi kwenye mfuko wa sako, upinde begani. Mama Janvier alikaa kwenye kiti kifupi, mgongo wake kwetu, akimenya viazi ambavyo hakuna aliyevihitaji. Papa Janvier alisimama katikati ya chumba kama mgeni asiyejua aketi wapi.

“Mama, niko naenda.”

Ganda la kiazi likaanguka.

“Mama. Unibariki basi.”

“Nikubariki na nini?” alisema bila kugeuka. “Na hii kisu?”

Janvier akangoja. Aliniangalia mimi, nusu anacheka, nusu anaomba msaada, akasema, “Espe, usome vizuri, eh? Usituaibishe na ile egzame yako,” nami nikaitikia kwa kichwa. Akamwendea baba yake. Papa Janvier alinyoosha mkono, nikadhani atambariki, lakini vidole vyake vilikwenda kwenye bega la mwanawe, vikalishika, vikalipima juu na chini, kama vilivyozoea. Akautoa mkono haraka.

Janvier akafungua mlango. Mvua ikaingia ndani, ikalowesha sakafu mpaka karibu na kiti cha mama yake, naye hakuisogeza miguu. Alibaki pale kwenye kizingiti, kichwa ameinamisha, akingoja mmoja wetu ainuke. “Mutafunga?” aliuliza. “Maji inaingia.” Hakuna aliyeinuka. Basi akatoka, akageuka, akaushika mlango kwa upande wa nje na kuufunga mwenyewe, polepole, akiusukuma kidogo chini pale ulipokuwa ukikwama, mpaka ukakaa.